Kanda ya Liberato

Lucca, 4 Machi 1989

Liberato,

Nimefika salama. Treni ilikaa sana Roma, nikala mkate wote wa mama yako na soseji yake, ikabaki karatasi. Mwambie Mama Incoronata kwamba yule msichana anayekula kama ndege safari hii amekula kama punda.

Nimempelekea Profesa Tarquini begi zima la kanda nilizorekodi jikoni kwenu. Nilitegemea pongezi. Akasikiliza ile mnayogombana wewe na mama yako, nguruwe achinjwe Jumamosi au Jumatatu, akavua miwani. "Bi Bardelli, tasnifu ya udaktari si mchezo wa kuigiza. Mimi nataka neno moja moja, safi, tulipime." Basi nimekaa maabara nikichuja. Nimeitoa sauti yangu, nimemtoa mama yako, nimemtoa mbwa, nimetoa na kengele ya kanisa. Umebaki wewe tu: neno, kimya, neno, kimya. Sasa wewe mzima umeingia kwenye kanda moja. Zile nyingine idara imezichukua wenzangu warekodie juu, maana kanda ni chache na wenye shida nazo ni wengi.

Unajua kinachonikosesha raha? Miguu yako. Mguu unauita "ped", miguu unaiita "pid", mwisho wa neno unaumeza kama kidonge. Kwetu wingi unasikika mwishoni. Kwenu mwisho ulikwisha kufa, lakini kabla ya kufa uligeuza tumbo la neno. Sura yangu ya tatu yote ni hiyo, nawe ndiye shahidi pekee, jina lako limo humo. Nikiiandika vizuri nitaitwa daktari. Daktari kwa hisani ya miguu yako!

Na Torino umeamuaje?

Marzia


Roccamurella, 19 Machi 1989

Daktari wa Miguu,

Mama amesema hivi: kama profesa hataki habari za nguruwe, soseji nazo asile. Na nguruwe alichinjwa Jumatatu. Nilishindwa, kama kawaida yangu.

Lakini umenitoa jasho. Umemtoa mbwa, umemtoa mama, umetoa kengele, ukaniacha peke yangu humo ndani nikisema "kisu", kimya, "goti", kimya! Mtu akinisikia si atadhani nimerukwa na akili? Siku nyingine mwachie hata mbwa.

Torino binamu yangu amenipatia nafasi, kiwanda cha milango. Nimemwambia nitakwenda zabibu zikishavunwa. Mama hawezi ule mteremko wa mizabibu peke yake. Halafu kuna msomi mmoja kutoka Lucca alisema atarudi Septemba kuniuliza maneno yaliyobaki, nikaona si vizuri akute mlango umefungwa. Nikiondoka atamrekodi nani, mbuzi? Mbuzi wetu ana lafudhi mbaya.

Kuna neno moja ambalo hukuniuliza. Nitakwambia ukija. Usinilazimishe kuliandika, mwandiko wangu ni mbovu.

Liberato


Lucca, 2 Oktoba 1989

Liberato,

Nimekuandikia mara mbili, hujibu. Vipi, umepigwa bubu? Au umenuna kwa kuwa sikuja Septemba? Profesa alinibeba kwenda mkutanoni kumshikia karatasi zake. Nilikaa nyuma ya ukumbi, watu wazima wanabishana juu ya irabu moja kama wanagombea shamba la urithi, mimi nawaza mmefika wapi na zabibu.

Nakuja tarehe kumi na nne kwa basi la mchana. Nitakaa siku nne. Mwambie mama nitakula.

Na lile neno, ulitayarishe. Safari hii siondoki bila kulisikia. Ukiona aibu nitazima mashine, utaniambia bila mashine.

Marzia


Roccamurella, 9 Oktoba 1989

Binti Marzia,

Barua uliyomwandikia Liberato imefika. Mleta barua alinipa huku anatazama viatu vyake. Nimeifungua mimi, usinikasirikie.

Liberato hayupo. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, alikuwa anateremsha masanduku ya zabibu, trekta ikampindukia kule mteremkoni. Walipoiinua alikuwa amekwisha kufa. Tulimzika kesho yake alasiri.

Umeuliza kama amepigwa bubu. Ndiyo, mwanangu.

Naandika mwenyewe, nilisoma mpaka darasa la tatu, utanivumilia. Wifi yangu Palmira alitaka kuniandikia nikakataa. Mambo haya mtu huyaandika kwa mkono wake.

Alitaka kwenda Torino tangu majira ya baridi. Mimi ndiye niliyemwambia, zabibu kwanza. Mimi ndiye niliyemzuia.

Njoo au usije, upendavyo. Kitanda kipo.

Incoronata Petrecca


Lucca, 19 Oktoba 1989

Mama Incoronata, shikamoo.

Nimerudi jana. Tulikaa siku nne pamoja, na bado nakuandikia, kwa sababu pale mezani kwako mdomo ulikataa. Ulinipikia na nikala. Ulinipa blanketi lake na nikalala. Nikikutazama naona aibu kwamba mimi ndiye ninayelia na wewe ndiye unayeosha sahani.

Nilitaka kukwambia usiseme tena kwamba ni wewe uliyemzuia. Mimi pia nilimwambia anisubiri Septemba. Alisubiri, mimi sikuja.

Tulipokuwa kaburini uliniuliza mimi na Liberato tulikuwa nani. Jibu ni kwamba sijui, mama. Hatukulisema. Kila mmoja alikuwa anangoja zabibu zivunwe.

Marzia


Roccamurella, 20 Novemba 1989

Mwanangu Marzia,

Basi tumemzuia wawili. Tugawane huo mzigo, wangu umenielemea.

Nakuandikia kwa shida moja. Juzi nilikuwa namenya viazi, nikataka kukumbuka alivyokuwa akisema "nimechelewa, ma". Kila asubuhi alikuwa anachelewa na kila asubuhi analisema. Nikalitafuta, likaja kwa sauti ya marehemu baba yake. Nikalitafuta tena, likaja kwa sauti ya kasisi. Nikaacha viazi nikakaa chini.

Picha ninazo, hata ya jeshini ninayo. Picha haina mdomo.

Nikakumbuka ile mashine yako iliyokuwa mezani kwangu wiki tatu, nami nikilalamika kwamba inachukua nafasi ya sufuria. Wewe unaye, mwanangu. Unaye humo. Nataka ile tunayogombana kuhusu nguruwe. Alicheka mwishoni, unakumbuka? Nitumie hiyo, awepo nyumbani Krismasi. Redio yake ya kaseti iko chumbani, sijaigusa.

Mama Incoronata


Lucca, 18 Desemba 1989

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta. Ile ya nguruwe haipo tena. Nilikwenda kuiomba idarani, nikaipata, alama yangu ya wino bado iko ubavuni. Lakini ndani yake kuna mzee wa Livorno anataja majina ya samaki. Wamerekodi juu. Niliisikiliza mpaka mwisho nikidhani huenda kimesalia kipande. Nilisikiliza na zile nyingine zote. Samaki, majina ya mashamba, wimbo wa kubembeleza mtoto. Yeye hayumo.

Kilichobaki ni maneno yake peke yake, yale niliyoyachuja kwa ajili ya profesa. Hayana mazungumzo wala kicheko, ni neno, kimya, neno. Ni kidogo mno, mama, lakini ni yeye. Nimekuwekea kanda yenyewe ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa soksi isivunjike.

Bonyeza kitufe cheusi chenye mshale. Chekundu kilicho kando yake usikiguse kabisa. Na wala usihangaike kunirudishia, mimi ninayo nyingine. Kaa nayo.

Nakutakia Krismasi ya salama, kwa kadiri inavyowezekana.

Marzia


Roccamurella, 7 Januari 1990

Mwanangu,

Amefika siku mbili kabla ya Krismasi. Palmira alikuja kunisaidia kuweka kanda. Tukakaa kitandani kwake, tukabonyeza. Palmira alijifanya jasiri, neno la kwanza tu akatoka nje. Mimi nilibaki.

Ni yeye. Hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Siku za mwanzo sikuelewa. Anasema "mkate", kimya. Anasema "kisu", kimya. Nikajiuliza, mbona haulizi habari yangu? Mbona hasemi jambo lote likaisha? Lakini mama huzoea. Sasa namjibu. Akisema "mkate" namwambia uko kabatini, umefunikwa. Akisema "mvua" nachungulia dirishani namwambia bado, mawingu tu. Akisema "goti" namwambia, si nilikwambia usivae suruali ile? Zile nafasi za kimya ulizoacha zinanitosha kabisa, kama uliniachia makusudi. Majirani wanasema Incoronata anaongea peke yake. Waseme.

Ila nina swali. Nimemsikiliza mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Amesema punda, amesema jino, amesema ndoo, amesema na jina la yule mdudu wa kwenye jibini. Hasemi mama. Je, hukumuuliza, au ulimuuliza akakataa?

Mama Incoronata


Lucca, 20 Januari 1990

Mama yangu,

Sikumuuliza. Kosa si lake hata kidogo. Maneno tuliyoyachagua ni yale ambayo irabu yake hugeuka, kama mguu na miguu, jino na meno. Irabu ya neno "mama" haigeuki. Lile neno liko vilevile kwenu na kwetu, kwa mmoja na kwa wengi, kwa hiyo kwenye utafiti halikuwa na kazi. Profesa alilikata kwa kalamu siku ya kwanza, nami nikaona ni sawa.

Ningelijua.

Alikuita mara mia kwenye kanda zile, kutoka ngazini, kutoka zizini, akitafuta soksi. Nilimkata kila mara alipokuita, maana aliingilia maneno.

Naendelea na tasnifu. Usinionee huruma, niandikie tu.

Marzia


Roccamurella, 25 Februari 1990

Mwanangu Marzia,

Mashine imeharibika, au mimi ndiye nimeharibika. Nisikilize polepole.

Jumapili miwani ilinivunjikia, nikaenda chumbani kwake bila miwani, nikabonyeza kwa kupapasa. Hakusema kitu. Nikangoja. Kanda inazunguka, naiona inazunguka, lakini yeye kimya. Nikafikiri, leo amechoka kusema yeye, anataka niseme mimi. Basi nikasema. Nilimwambia habari zote, kwamba mbuzi amezaa, kwamba trekta tumeiuza kwa mtu wa mbali ili nisiione ikipita. Nilimwita kwa jina lake la utotoni. Nilimwambia na mambo ambayo mama hamwambii kijana mkubwa. Nilisema mpaka kitu kikagota kikasimama. Nikaigeuza kanda, nikaendelea upande wa pili. Nilitoka mle ndani nimepumua, mwanangu. Tangu Septemba sikuwa nimepumua hivyo.

Leo Palmira ameniwekea kioo kipya cha miwani, nimekwenda kumsikiliza. Hayupo. Mwanamke mzee anaongea. Anasema "Liberà, Liberà", halafu habari za mbuzi. Palmira alisema, "Wifi, huyo ni wewe." Nikamwambia acha mzaha. Kweli mimi nina sauti kama hiyo?

Nimegeuza upande wa pili, ni yuleyule mwanamke. Yeye amekwenda wapi?

Nashukuru Mungu ulisema unayo nyingine. Nitumie hiyo, mwanangu. Safari hii Palmira ndiye atakayebonyeza.

Mama Incoronata


Lucca, 14 Machi 1990

Mama Incoronata,

Barua hii nimeichana mara nyingi.

Mashine haikuharibika, wala wewe. Vile vitufe viwili, cheusi na chekundu, vikibonyezwa pamoja mashine haisemi, inasikiliza. Ilikusikiliza wewe. Kila neno ulilomwambia lilikaa mahali lilipokuwa neno lake. Mgongoni mwa kanda kuna kijino kidogo cha plastiki, sisi tunakivunja ili mtu asiweze kurekodi juu. Hilo ni jambo la kwanza wanalotufundisha. Sikukivunja. Usiku ule nilikuwa nakimbilia posta ya mwisho kabla ya Krismasi.

Na nyingine sina. Nilikudanganya. Mashine ya kunakili ilikuwa imefungiwa, chuo kilikuwa likizo, na wewe ulitaka awepo nyumbani Krismasi. Nikasema nitanakili nikija Pasaka. Niliandika "ninayo nyingine" ili usiogope kuisikiliza. Sasa hakuna mahali popote duniani palipo na sauti yake, nami ndiye niliyeifunga kwa soksi nikaituma.

Kuna kitu kimoja tu ninacho. Kwa mwaka mzima nilimsikiliza neno kwa neno, nikiandika kwa zile alama zetu: hapa ulimi uko juu, hapa pumzi inakatika, hapa sauti inapitia puani. Nilijifunza kuyasema ili niweze kuyaandika. Nayajua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Kwa hiyo nimekaa mbele ya mashine nikayasema yote, kwa mpangilio wake, nikiacha nafasi zilezile za kujibu. Sauti ni yangu. Namna ni yake.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kijino nimekivunja.

Marzia


Roccamurella, 8 Aprili 1990

Marzia,

Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira hairudishwi ikishatiwa kwenye sanduku. Nilikasirika kwa ule uongo. Baadaye nikasema, hata mimi ningedanganya. Kwa hiyo hilo tumelimaliza.

Kanda yako nimeisikiliza. Palmira alibonyeza, nikamwambia atoke.

Mwanangu, umesema sawasawa. Neno kwa neno, sawasawa. "Kisu" kimetoka puani kama chake. "Ndoo" umeimeza palepale anapoimeza yeye. Sijui hiyo shule yenu inafundisha nini, lakini nilifumba macho nikamsikia yeye. Nikaanza kumjibu. Nikasema mkate uko kabatini. Halafu nikafumbua macho nikakumbuka ni nani anayesema, nikaona nimemwambia mtoto wa watu maneno ya mwanangu.

Nikaendelea mpaka mwisho, maana ulihangaika. Na pale mwisho, baada ya neno la mdudu wa jibini, uliongeza neno ambalo halikuwemo. Uliita "Ma!" kwa mkato, kama anayeita kutoka ngazini.

Marzia, niliinuka. Niliitika. Nilifika mpaka mlangoni.

Sikulaumu. Najua ulitaka kunipa. Lakini usinitumie tena. Ungekosea ningevumilia, ningesema huyu ni msichana wa Lucca anajaribu, Mungu ambariki. Ila hukukosea hata mara moja, na hilo siliwezi. Ile kanda ya kwanza, yenye mwanamke mzee anayeita, ninaisikiliza. Yule anaita tu, hakuna anayemjibu, na ndivyo ilivyo. Yako nimempa Palmira aiweke mahali nisipopajua.

Soma umalize. Usiyaseme yale maneno tena.

Incoronata


Lucca, 23 Juni 1990

Mama, shikamoo.

Jana nimetetea tasnifu. Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu sina mwingine ninayetaka kumweleza.

Walikaa watahini watatu, Profesa Tarquini pembeni. Sura ya kwanza na ya pili hawakuwa na neno. Walipofika ya tatu, ile ya Liberato, mkubwa wao akasema, "Haya yote umeyajenga juu ya mtu mmoja. Kanda iko wapi?"

Nikasema haipo.

"Imepotea?"

"Haipo."

Profesa akawa mwekundu. Akajaribu kunitetea, akasema binti huyu ana sikio ambalo hajaliona kwa miaka ishirini. Yule mkubwa akasema vizuri, kama ana sikio basi na mdomo anao. "Bi Bardelli, tutamkie. Mguu na miguu, jino na meno, machache tu. Mwenzangu huyu ametoka mikoa ya kule, atatuambia kama ndivyo. Tukiridhika, sura inabaki."

Walikuwa wananisaidia, mama. Nililiona hilo. Maneno yalikuwa yamekwisha fika hapa mdomoni. Nikakumbuka ulivyoniandikia, usiyaseme tena.

"Tunakusubiri," akasema.

Nikasema siwezi.

"Huwezi au hutaki?"

Profesa Tarquini alivua miwani yake, akaifuta kwa tai, hakuivaa tena mpaka mwisho.

Udaktari wamenipa. Sura ya tatu wameiondoa, kwa sababu haina ushahidi, na jina lake limeondoka nayo. Kule nyuma ya tasnifu nimewashukuru watu wa Roccamurella kwa ujumla. Nilitoka nje, wenzangu wakanivika taji la majani kama ilivyo desturi yetu, wakaniimbia. Kuna picha. Ninacheka.

Nimetimiza ulivyoniambia. Nilitaka ujue hilo tu.

Septemba kutakuwa na misa yake ya mwaka. Naomba nije. Sitabeba mashine.

Marzia


Roccamurella, 1 Julai 1990

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikampa Palmira aisome, nisije nikawa nimeelewa vibaya. Palmira naye ameelewa hivyohivyo.

Ungeyasema! Wewe mtoto, ungeyasema! Mimi nilikukataza kwangu, kwenye masikio yangu haya mawili. Sikukukataza kwa dunia. Wale mabwana wangelisikia, wangeliandika, angekaa kwenye kitabu chenu, na mtu ambaye hajazaliwa angekifungua akajua kwamba palikuwa na Liberato Petrecca aliyesema mguu hivi na miguu hivi. Sasa kwangu hayupo na kitabuni hayupo. Tumemfuta wawili, mimi kwa kidole, wewe kwa kunyamaza.

Kosa langu. Niliandika kwa mkato. Mtu wa darasa la tatu huandika kwa mkato.

Nimekaa nalo tangu Alhamisi, sasa nimechoka kulilia. Misa ni saa nne asubuhi. Njoo siku moja kabla, kitanda kitakuwa tayari, nitapika.

Lakini nakuomba, tukikaa mezani, ongea kama mama yako alivyokufundisha huko Lucca. Ukijisahau ukaongea kama yeye, nitatoka nje. Usinifuate.

Mama Incoronata